UZI: Kuigiza kwenye kompyuta jinsi mpigo wa umeme unavyopasua mwamba na kuachanisha madini

Mpasuo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mada hii imekuwa ikiguswa vipande vipande kwenye nyuzi nyingine, nimeona niiweke sehemu moja. Nazungumzia kupiga mwamba kwa umeme wa volteji kubwa badala ya kuusaga, na hasa namna ya kuliigiza tukio hilo kwenye kompyuta kabla hujawasha mtambo wowote.

Msimamo wangu nautanguliza ili anayetaka kubisha abishe mapema. Simulesheni nyingi za jambo hili zinamaliza nguvu zake mahali pasipostahili. Zinahesabu mkazo na nyufa kwa umakini wa ajabu, ilhali swali la kama madini yataachana na jiwe au la limeshajibiwa sehemu ya maikrosekunde kabla, pale umeme ulipochagua njia ya kupita.

Karasha na vinu huvunja mwamba kwa kuubana. Sasa graniti ukiibana inahimili megapaskali 150 hadi 200, ukiivuta inapasuka kwenye 10 hivi. Yaani tunaishambulia pale ilipo imara kuliko pote. Tena kinu hakichagui: kinapasua katikati ya chembe ya madini kama kinavyopasua kwenye mpaka wake, na mwisho unasaga hadi unga laini ili tu kuwa na uhakika kwamba chembe imetoka. Umeme ukipita ndani ya jiwe unaacha mfereji mwembamba wa plazma (gesi ya moto inayopitisha umeme), joto lake maelfu ya digrii, shinikizo lake linafika gigapaskali. Mfereji unatanuka, na jiwe linavutwa kutokea ndani.

Jiwe lenyewe liko ndani ya maji. Kwa nini umeme usipite kwenye maji? Ukipandisha volteji polepole, ndivyo inavyokuwa: maji yanazidiwa kwanza na cheche inazunguka jiwe. Lakini ukiipandisha kwa muda ulio chini ya nanosekunde 500 hivi, mambo yanageuka. Uwezo wa maji kuzuia umeme hupanda haraka kadiri muda unavyofupishwa (kwa kanuni inayotumika sana, ukifupisha muda mara 8, maji yanastahimili uga, yaani volteji kwa kila milimita, mara 2), na wa jiwe haupandi kwa kasi hiyo. Kuna mahali mistari miwili inakatana, na ukivuka hapo jiwe ndilo linakuwa dhaifu kuliko maji. Jambo hili lilichunguzwa na Vorobyov na wenzake kule Tomsk, enzi za Kisovieti, miaka ya 1950 na 1960. Baadaye U. Andres wa Imperial College London akalipeleka kwenye mbale za madini, na kampuni ya SELFRAG ya Uswisi ikatengeneza mitambo ya maabara inayofika kilovolti 200. Wanajiolojia wanaotafuta chembe za zirikoni (madini ya kupimia umri wa mwamba) wanaipenda kwa sababu zirikoni zinatoka nzima.

Hapo ndipo historia yangu inapoishia, tuingie kwenye hesabu.

Kokoto

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Mpasuo

Chukua elektrodi mbili zilizoachana milimita 40. Kati yake kuna jiwe la unene wa milimita 30, zilizobaki 10 ni maji. Weka kilovolti 150. Pemitiviti (kipimo cha jinsi kitu kinavyoudhoofisha uga ndani yake) ya maji ni karibu 80, ya jiwe tuseme 6. Uga wa umeme unajigawa kinyume cha pemitiviti, kwa hiyo jiwe linabeba kilovolti 4.9 kwa kila milimita, na maji yanabeba 0.37 tu.

Wengi wakifika hapa wanafurahi kwamba uga umejaa kwenye jiwe, wanapaka rangi nyekundu na bluu, kazi imeisha. Lakini kilovolti 4.9 kwa milimita ni kidogo! Jiwe lisilo na kasoro chini ya mpigo mfupi linahitaji zaidi ya 10. Kwa hesabu hii ya wastani jiwe letu halipasuki kamwe. Maabarani linapasuka. Pengo hilo ndilo linalonifanya niandike uzi huu.

Jiwe halina wastani. Ndani yake kuna punje ya pairaiti inayopitisha umeme, kuna ulanga, kuna kwatzi, kuna ufa mdogo wenye hewa. Kila kimoja kinaupinda uga. Punje ya duara inayopitisha umeme inaongeza uga kwenye ncha zake mara 3. Ikiwa ndefu, urefu mara 5 ya upana, na imelala kuelekea elektrodi, ncha zake zinapata karibu mara 18. Zidisha 4.9 kwa 18 uone unafika wapi.

Ufa nao una hesabu yake. Ufa mwembamba unaokatiza mwelekeo wa uga, ukiwa na hewa, unapata uga mara 6 ya jiwe, yaani 29 kwa milimita. Kama upana wake ni mikromita 50, kati ya kuta zake kuna volti 1,460 hivi, na hewa kwenye mwanya wa namna hiyo huzidiwa kwa volti mia kadhaa tu. Cheche ndogo inazaliwa ndani ya ufa kabla jiwe lenyewe halijajua kinachoendelea. Sasa loweka jiwe mpaka ufa ujae maji: uga ndani ya ufa unashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa jiwe. Jiwe ni lilelile, matokeo ni mengine. Ukisoma ripoti ya simulesheni ambayo haisemi kama jiwe lilikuwa kavu au limeloa, iweke pembeni.

Nambari Tasa

Mkuu umetema madini kwelikweli. Ila nina swali la kimsingi. Unatumia hesabu ya uga tuli, pemitiviti peke yake. Mpigo una nanosekunde mia kadhaa. Huoni kwamba upitishaji umeme nao unaingia?

Mpasuo

Unaingia, tena kwa nguvu. Kipimo chake ni rahisi: gawanya pemitiviti halisi ya kitu kwa upitishaji wake, unapata muda ambao chaji zinahitaji kujipanga upya ndani yake. Muda huo ukiwa mrefu kuliko mpigo, kitu hicho ni kihami. Ukiwa mfupi, ni kondakta.

Maji yaliyotolewa chumvi zote yanahitaji karibu maikrosekunde 130. Kwa mpigo wetu hayo ni kihami safi. Maji ya bomba yenye upitishaji wa siemens 0.05 kwa mita yanahitaji nanosekunde 14! Kwenye mpigo wa nanosekunde 200 hayo ni kondakta tayari, na umeme unavuja kupitia humo kabla volteji haijafika kileleni. Na kadiri unavyovunja mawe, ayoni zinayeyuka, maji yanazidi kuchafuka. Kwa hiyo mtu anayeigiza mpigo wa kumi kwa maji ya mpigo wa kwanza anajidanganya.

Kwa upande wa madini, kitu chenye pemitiviti ya 6 kinageuka kondakta ndani ya nanosekunde 200 kikiwa na upitishaji wa siemens 0.0003 tu kwa mita. Pairaiti, kalkopairaiti na galena wanavuka kizingiti hicho wakiwa wamelala. Kwatzi na feldispa hawafiki hata karibu. Ndiyo sababu mbale za salfaidi (madini yenye salfa, kama hayo matatu) zinaitikia mpigo vizuri.

Kwa kifupi: tumia mlinganyo unaobeba vyote viwili, pemitiviti na upitishaji, na uendeshe kwa hatua za muda. Haugharimu sana zaidi ya ule wa uga tuli.

Mzee wa Kinu

Vijana, mimi nimekaa na vinu miaka mingi. Haya ya cheche nimeyasikia tangu zamani. Niambieni kitu kimoja: yanalipa? Umeme huo wote kwa jiwe moja?

Mpasuo

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki na watu wengi hulikwepa. Kilowati-saa 1 kwa tani ni jouli 3.6 kwa gramu. Kapasita zenye jumla ya nanofaradi 20 zikichajiwa kilovolti 150 zina jouli 225. Mpigo mmoja kwenye jiwe la gramu 100 ni jouli 2.25 kwa gramu, sawa na kilowati-saa 0.63 kwa tani. Hapo tunacheka. Ila ukipiga mipigo 50 mpaka liwe unga, umefika zaidi ya 31, na kinu cha mipira mara nyingi huwa kati ya 10 na 20. Hapo kinu kinacheka.

Kwa hiyo ukitaka kutumia umeme badala ya kinu, kwangu mimi jibu ni hapana, isipokuwa kwa kitu cha thamani kubwa au sampuli za utafiti. Ukitaka mpigo mmoja au mitatu ya kulegeza jiwe kisha ulipeleke kinuni likiwa limeshachoka, mjadala unaanza. Na hapo ndipo simulesheni inakuwa na kazi ya kweli: kutafuta mpigo mdogo kabisa unaotosha kufungua mipaka ya chembe.

Mzee wa Kinu

Marahaba. Hilo la kulegeza nimelikubali. Endelea.

DadaVolti

Naomba niingilie kwenye sakiti, maana naona wote mnaongea kama vile kilovolti 150 inatoka mbinguni na kukaa pale imetulia.

Volteji inatoka kwenye jenereta ya Marx: kapasita zinachajiwa sambamba, kisha swichi za cheche zinaziunganisha kwa mfululizo. Tuchukue kapasita hizohizo za Mpasuo, nanofaradi 20, na nyaya zenye induktansi (ukaidi wa nyaya kwa mabadiliko ya mkondo) ya maikrohenri 5. Zuio la mfumo linakuwa karibu omu 16, mkondo wa kilele unakaribia kiloamperi 9.5, na mkondo unapiga mtetemo mmoja kamili kwa maikrosekunde 2.

Sasa mfereji wa plazma. Kabla umeme haujapita ni maelfu ya omu au zaidi. Ukishapita, unashuka chini ya omu 1 kwa kufumba na kufumbua. Nishati inajigawa kwa uwiano wa ukinzani. Kama mfereji una nusu omu na swichi zako pamoja na nyaya zina nusu omu, nusu ya zile jouli 225 imepasha swichi joto. Nusu hiyo mwamba haujaiona.

Ninachokiona kwenye kazi nyingi ni mtu anachukua jouli zote za kapasita anazimwaga kwenye mfereji kwa mstari ulionyooka. Jamani! Angalau weka ukinzani unaobadilika. Kanuni ya Rompe na Weizel inatosha kuanzia: ukinzani unapungua kadiri jumla ya mraba wa mkondo inavyokua, kwa uwiano kinyume na kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Ni mistari michache ya programu. Inakupa nishati iliyoingia kwenye mfereji kwa kila nanosekunde, na hiyo ndiyo unayoikabidhi kwa wenzetu wa mkazo.

Mpasuo

Dada, asante sana. Hiyo ya swichi nilikuwa nataka kuirukia, umenifunga mdomo.

Turudi kwenye njia. Uga ukishaujua, umeme hauendi moja kwa moja pale palipo na uga mkubwa. Unatambaa kwa matawi, na kuna bahati nasibu ndani yake. Mwaka 1984 Niemeyer, Pietronero na Wiesmann walitoa kielelezo ambacho hadi leo ndicho watu wengi wanaanzia: kila hatua, uwezekano wa tawi kukua kuelekea sehemu fulani ni sawia na uga wa pale ukipandishwa kipeo fulani. Kipeo kikiwa 1 unapata matawi mengi, kichaka. Ukikikuza, matawi yanapungua na njia inanyooka. Baada ya kila hatua unahesabu uga upya, kwa sababu tawi lililokua limekuwa sehemu ya elektrodi.

Kipeo hicho hakitoki vitabuni. Unakirekebisha mpaka picha zako zifanane na njia zilizoonekana kwenye mawe halisi yaliyopigwa mpigo mmoja na kuchunguzwa kwa tomografia ya eksirei (picha za ndani ya jiwe). Na kwa kuwa kuna bahati nasibu, picha moja ya simulesheni si jibu. Endesha mara makumi kwa mbegu tofauti (namba za kuanzishia bahati nasibu), kisha uliza: njia imepita kwenye mipaka ya salfaidi mara ngapi? Nikiona makala yenye mfereji mmoja mzuri uliopita katikati ya jiwe, huwa najiuliza mingine imefichwa wapi.

Kokoto

Mkuu hapo kwenye kompyuta ndogo kama yangu, nikifanya kwa vipimo viwili tu (bapa) si inatosha kuonyesha wazo?

Nambari Tasa

Naomba nimjibu mimi. Kuonyesha wazo, ndiyo. Kutoa namba, hapana, na sababu haihusiani na uzuri wa picha.

Kwenye bapa, "punje" yako si tufe, ni nguzo ndefu isiyo na mwisho. Nguzo inaongeza uga mara 2, tufe linaongeza mara 3. Umeshapoteza theluthi nzima kabla hujaanza. Pili, njia za kuungana. Kwenye gridi ya miraba, punje zinazopitisha umeme zinahitaji kufika karibu asilimia 59 ya nafasi ndipo ziungane toka upande hadi upande. Kwenye gridi ya vipimo vitatu zinahitaji asilimia 31 tu. Mbale yenye madini asilimia 40 inaweza kuwa haina njia kabisa kwenye bapa lako, na ikawa na njia tele kwenye jiwe halisi. Tatu, mfereji wako kwenye bapa ni ukuta, unasukuma jiwe kama kabari ndefu. Mkazo wake haushuki kama ule wa mfereji halisi.

Fanya bapa kujifunza programu. Kisha punguza ukubwa wa jiwe uende vipimo vitatu.

Kokoto

Nimeelewa, japo kompyuta yangu imeshaanza kulia.

Mpasuo

Nambari Tasa kasema kweli tupu. Niongeze jambo la muda, kwa sababu hapa kuna nafuu.

Wimbi la mgandamizo kwenye graniti linakwenda kama kilomita 5 kwa sekunde. Ndani ya nanosekunde 200, wakati umeme unachagua njia, wimbi limesogea milimita 1. Kwa jiwe la milimita 40 hiyo ni sawa na kusema jiwe halijatikisika. Kwa hiyo huna haja ya kuhesabu umeme na mkazo kwa pamoja katika mpigo mmoja. Malizia umeme kwanza, pata njia na nishati, ndipo uanze mkazo. Wanaounganisha vyote viwili katika kila hatua wanalipia anasa. Kati ya mpigo na mpigo, hapo ndipo unarudi: nyufa mpya zimezaliwa, zimejaa maji au mapovu, na ramani ya pemitiviti si ileile. Mpigo wa pili ni jiwe jipya.

Kuhusu mkazo wenyewe, kuna hesabu moja ya mkono inayofumbua macho. Mfereji wenye nusu-kipenyo cha mikromita 50 na shinikizo la gigapaskali 1, ndani ya jiwe linalonyumbuka bila ufa: mvuto unaozunguka mfereji unashuka kwa mraba wa umbali. Unafika megapaskali 10, nguvu ya graniti, kwenye nusu milimita tu. Zaidi ya hapo hakuna ufa. Lakini jiwe lililo karibu na mfereji likishachanika kwa nyufa zinazotoka katikati kwenda nje, halishiki tena mvuto wa kuzunguka, na shinikizo linasafiri kwa kushuka na umbali wenyewe, si mraba wake. Sasa unafika milimita 5. Mara kumi! Na hapo bado mfereji haujatanuka, wala plazma haijaingia kwenye nyufa na kuzisukuma.

Ndiyo maana kielelezo kisichoruhusu nyufa kufunguka kinatoa majibu ya kukatisha tamaa. Wengi wanatumia mbinu ya chembe zilizogundishwa, ambapo jiwe ni maelfu ya punje zilizounganishwa kwa vifungo vinavyokatika. Naipenda kwa sababu moja: unaweza kuipa mipaka ya chembe nguvu ndogo kuliko ndani ya chembe, kisha ukahesabu vifungo vilivyokatika mpakani dhidi ya vilivyokatika ndani. Uwiano huo ndio kipimo cha madini kuachana. Mbinu ya elementi (kuligawa jiwe kwa wavu wa vipande vidogo vya hesabu) nayo inawezekana ukiweka elementi za kunata mpakani, ila maandalizi yake yanachosha.

DadaVolti

Na wimbi kugonga mpaka wa madini mawili? Umelisahau au umeliacha?

Mpasuo

Nililiacha kwa makusudi, lakini umeuliza. Kwatzi ina msongamano wa 2.65 na wimbi linakwenda kilomita 6 hivi kwa sekunde. Pairaiti ni 5.0 na kilomita 8. Wimbi likitoka kwenye pairaiti kuingia kwenye kwatzi, karibu asilimia 43 ya kimo chake inarudi nyuma, ikiwa imegeuzwa: iliyokuwa mgandamizo inarudi ikiwa mvuto. Mkia wa wimbi ukishapita, pairaiti iliyo karibu na mpaka inabaki ikivutwa. Ni athari ya kweli na inasaidia. Lakini nadhani inapewa sifa kuliko inavyostahili. Kama mfereji umepita milimita 8 mbali na punje, wimbi linafika limechoka. Kama mfereji umepita kwenye mpaka wenyewe, huhitaji wimbi.

Nambari Tasa

Hapo sikubaliani nawe sana. Kwenye mbale ambayo madini yametawanyika kama punje ndogo za makumi ya mikromita, mfereji mmoja hauwezi kuzigusa zote. Zilizobaki zinafunguliwa na nini kama si wimbi?

Mpasuo

Zilizobaki nyingi hazifunguki, ndiyo hoja yangu. Ila nakubali kwamba tungehitaji kuzitenganisha: endesha jiwe lilelile na njia ileile mara mbili, mara ya pili ukiwa umeipa kwatzi na pairaiti kasi na msongamano sawa. Tofauti ya vifungo vilivyokatika mipakani ndiyo mchango wa wimbi.

Nambari Tasa

Sawa. Nina jiwe la milimita 10 lenye punje zilizogawanywa kwa poligoni za Voronoi (vigae vya pembe nyingi vinavyojaza nafasi), salfaidi asilimia 8. Naliendesha kwa mbegu 30, kavu na lililoloa. Kipeo nianze na ngapi?

Mpasuo

Anza na 2, kisha 4, uone matawi yanavyobadilika kabla hujagusa mkazo. Na wavu wako uwe na angalau elementi 5 ndani ya punje ndogo kabisa, la sivyo zile ncha za mara 18 zinayeyuka kwenye wastani. Ufa wa mikromita 50 usijaribu kuuchora kwa wavu. Upe sehemu hiyo kizingiti kidogo cha kuzidiwa na uendelee.

DadaVolti

Ukitaka umbo la mpigo lenye mtetemo wa kweli badala ya mstari ulionyooka, nitakuandalia faili la namba la sakiti ile ya omu 16. Niambie tu hatua yako ya muda.

Nambari Tasa

Nanosekunde 1 kwa upande wa umeme. Kwa mkazo, punje zangu ndogo ni milimita 0.1, kwa hiyo siwezi kuzidi nanosekunde 10 kwa usalama.

Mzee wa Kinu

Na mimi mkimaliza nataka namba moja tu: baada ya mpigo mmoja, vifungo vingapi vya mpakani vimekatika. Nina mtu wa kinu atakayeniuliza.